Kichwa cha Kuyu

Mimi samaki huanza kumwangalia mdomoni. Mke wangu husema nina tabia za mnunuzi wa ng'ombe, na kwamba hata dagaa wa sokoni ningewafungua midomo mmoja mmoja kama si kuogopa kuchekwa. Acha aseme. Kuyu aliyevuliwa kwa ndoana ana tundu au mchaniko pembeni mwa mdomo, na tundu hilo halizibi hata umchemshe, umkaange au umbanike. Ukikuta mdomo mzima, ujue huyo alikufa kwa njia nyingine. Hayo nilifundishwa na baba, na siku nilipoyahitaji nilitamani nisingekuwa nayajua.

Kwa asiyemfahamu kuyu, ni samaki wa mtoni mwenye magamba makubwa ya rangi ya shaba, midomo minene, na miba mingi kiasi kwamba mgeni humla huku amenuna. Kiangazi hukaa chini kule kwenye mto Ruvubu, penye maji mengi. Mvua za kwanza zikinyesha na maji yakipoa, huanza kupanda vijito kutafuta changarawe ya kutagia. Kwetu Murukulazo kipo kijito kimoja cha namna hiyo. Kuyu hukipanda mpaka kwenye mwamba ambapo maji yanaanguka, na hapo hawezi kupita, kwa hiyo hukaa kwenye bwawa lililo chini ya ule mwamba. Bwawa lenyewe si kubwa, kikanisa cha kigango chetu kingelifunika.

Siku hizohizo ndipo kumbikumbi hutoka ardhini. Wanaoanguka majini kuyu huwapokea juu, unasikia kabisa anavyobusu maji. Shida ni kwamba kumbikumbi ana tumbo laini. Ukimchoma kwenye ndoana anapasuka. Baba yangu alilitafutia hilo dawa. Alichukua manyoya ya shingoni mwa jogoo mwekundu, akayafunga kwenye ndoana kwa uzi uliochomolewa kwenye kiroba, akaacha mawili yasimame kama mabawa. Ukiurusha unyoya huo kwa ufito mrefu wa mwanzi, ukauacha utue taratibu na kuteremka na maji, kuyu hana la kuuliza. Watu walicheka sana. Walisema yule Mrundi anavua samaki kwa kuku. Baadaye walipoona anarudi na kuyu begani walipunguza kucheka, ila jina la Mrundi hawakulipunguza.

Babu yangu alivuka Ruvubu akimbeba baba mgongoni, akikimbia yaliyokuwa yakitokea upande ule wa Burundi. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, uraia tunao. Kirundi chetu na Kihangaza cha wenyeji vinasikilizana bila mkalimani. Hata hivyo, kukitokea ugomvi wa mpaka au mbuzi akipotea, macho ya watu huanza kwetu. Baba aliniambia mara nyingi, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba sisi hapa hatuna ukoo wa kutusemea, kwa hiyo nisije nikasema mbele za watu jambo ambalo sina hakika nalo. Nilishika hilo. Kama kuna kitu nilichokuwa nacho katika kitongoji chetu, ni kwamba nikisema mto umejaa, watu hawashuki. Nikisema maji yametulia, kina mama wanatuma watoto.

Rafiki yangu ni Mhangaza wa ukoo wenye mlima. Shamba lao la kahawa na migomba linateremka mpaka kwenye bwawa, na marehemu baba yake ndiye aliyemruhusu baba yangu kupita katikati ya migomba yao kwenda kuvua. Njia ile ipo mpaka leo. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga unyoya, na si jambo dogo, kwa sababu baba alikuwa hajamfundisha mtu mwingine yeyote. Tukawa tunaitana mugenzi, yaani mwenzi wa safari, mpaka watoto wetu wakadhani ndiyo majina yetu.

Tulikuwa na kiapo chetu. Tuliapa tukiwa vijana, siku tuliyokuta watu wa kule bondeni wameweka utupa kwenye bwawa lao. Utupa ni mmea; majani yake yakitwangwa na kutiwa majini, samaki wote hulewa wakaelea, mkubwa na mchanga, mwenye mayai na asiye nayo. Wale walichota samaki kwa makapu wakafurahi. Mvua zilizofuata hakuna kuyu aliyerudi pale, na mpaka leo harudi. Basi tukaapa kwamba bwawa letu litavuliwa kwa ndoana tu, na jike likija na tumbo la mayai linarudishwa majini, hata kama nyumbani mboga ni chumvi. Mke wangu alikuwa akinisonya nikirudi mikono mitupu nikamwambia nimerudisha. Alisema labda nirudishe na yeye kwao.

Mwaka jana rafiki yangu alikuwa anamuaga binti yake. Mchumba alikuwa kijana wa Bisibo, kule Biharamulo, na ukoo wake ungekuja wote kwenye sendofu. Yule binti ni kama wangu. Nilimsimamia ubatizo, nikamfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza shuleni. Nilipangiwa kukaa meza ya mbele nikiwa baba mdogo, na nilishona suruali mpya kwa fundi wa Nyamiaga. Mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Jioni moja ya Jumamosi, wiki moja kabla ya sherehe, rafiki yangu alikuja kwangu akiwa na wasiwasi usoni.

"Mugenzi, usishuke bwawani," aliniambia. "Kuna kiboko. Jike, ana mtoto."

Kiboko kupanda mpaka kwetu si kawaida, lakini iliwahi kutokea baba akiwa hai, na jike lenye mtoto haliulizi kabla ya kuua. Alinionyesha picha kwenye simu: nyayo kubwa kwenye tope. Picha ile ingeweza kuwa ya mahali popote pale Ruvubu, sasa najua. Wakati ule sikuwa na sababu ya kuuliza. Ningemuulizaje mtu ambaye mgongo wake naujua kuliko wangu?

"Watu inabidi waambiwe," nilisema.

"Waambie wewe," alijibu. "Mimi nina pilikapilika za sherehe. Na wewe ndiye wanayekusikiliza kwa mambo ya mto."

Nilivimba kichwa kidogo, sikatai. Kesho yake, baada ya ibada, katekista alipomaliza matangazo nilinyoosha mkono nikasimama. Nikawaambia watu kwamba kuna kiboko bwawani, asishuke mtu kuchota maji wala kufua, na watoto wachungwe. Kina mama waliguna, kwa sababu kisima kingine kiko mlima wa pili na njia yake ni ya kupanda na ndoo kichwani. Lakini walitii. Katikati ya wiki niliwakuta wasichana wawili wanakata njia ya migombani na madumu yao, nikawafokea mpaka wakageuka. Nikawa mlinzi. Nililinda vizuri sana, Mungu anisamehe, kuliko askari wa kulipwa.

Sherehe ikafika. Turubai la buluu na jeupe, spika mbili zinazopiga kelele kuliko muziki wenyewe, mshereheshaji kutoka mjini Ngara aliyekuwa anachekea vichekesho vyake mwenyewe. Wageni wa Bisibo walishuka kwenye basi wakiimba. Binti alikuwa amependeza mpaka nikatoa kitambaa. Chakula kilipoletwa, juu ya wali na ndizi kulikuwa na samaki. Si wa kununua. Kuyu wa kukaanga, sinia baada ya sinia, na wageni wakaanza kunong'ona kwa mshangao, maana kuyu wengi namna ile hawaonekani siku hizi.

Rafiki yangu alichukua kipaza sauti. Akasema amewavua mwenyewe, wiki nzima, kwa unyoya wa jogoo, ufundi aliofundishwa na mugenzi wake huyu hapa, na akaninyooshea mkono. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka nusu nikainama. Nilianza kujiuliza wiki nzima ipi, na kiboko je, lakini makofi yana namna ya kumzuia mtu asifikiri. Nikajiambia labda kiboko aliondoka mapema akasahau kunieleza.

Halafu mke wake akaja na sahani ya peke yake. Alikuwa ametaka kuniheshimu, maskini. Wengine wote walipewa vipande. Mimi aliniletea kichwa kizima cha kuyu mkubwa kuliko wote, pamoja na kifua chake. Nikaona rafiki yangu anamtazama mkewe kwa jicho ambalo sikuwahi kumwona nalo. Ndipo nilipoinamisha macho yangu kwenye sahani, na kama ilivyo desturi yangu, nikaanza na mdomo.

Mdomo ulikuwa mzima. Nikaugeuza upande wa pili kwa kidole, mzima. Mshenga aliyekaa karibu yangu akadhani natafuta miba, akaniambia nile tu, mzee wa kazi. Kwenye sinia la katikati kulikuwa na vichwa vingine vidogo ambavyo wapishi hawakuvitupa. Nikavuta kimoja kana kwamba nina njaa sana. Mdomo mzima. Kingine, vilevile. Kulikuwa na vitoto vya urefu wa kidole vimekaangwa vikakauka, na hakuna ndoana duniani inayovua kitoto cha namna ile. Kwenye kifua cha samaki wangu, nilipokifungua, kulikuwa na mayai, ya njano, yamejaa mpaka kooni.

Damu ilinichemka. Mimi nina hasira za karibu, hilo kila mtu analijua, na siku nyingine yoyote ningepindua ile meza ikafika Bisibo kabla ya wenyewe. Lakini binti alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha maua, anatabasamu, anasubiri kuona kama baba yake mdogo anafurahia. Nikamtabasamia. Nikala. Nilikula kile kichwa chote, mashavu, macho, na mayai. Kisha nikaombwa maneno machache, nikasimama nikambariki, na sauti ilipokatika watu walidhani ni furaha.

Rafiki yangu nilimpata nyuma ya jiko la muda, kwenye moshi, anaelekeza vijana wabebe masufuria.

"Kiboko ameondoka lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hakusikia. Aliwaondoa wale vijana kwanza. "Mugenzi, ngoja sherehe iishe."

"Nimeuliza habari ya kiboko."

"Ulitaka wakwe watoke Bisibo nije niwape maharage?"

"Ungeniambia. Tungevua wote wawili, usiku na mchana, mimi na wewe na vijana wetu."

"Kwa unyoya? Mmoja mmoja?" Alicheka, ila si kicheko chake. "Umeliona basi lao lilivyojaa? Na ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali utupa."

"Basi. Ndiyo maana sikukuambia."

"Tuliapa," nilimwambia. Nilikuwa nasikia sauti yangu inavyokuwa ya kitoto na sikuweza kuizuia. "Na umenisimamisha kanisani nikawadanganya watu."

Hapo akakasirika yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Akaniambia polepole, kwa Kiswahili, wakati sisi maisha yetu yote tunagombana kwa lugha ya nyumbani. "Sikiliza. Lile bwawa liko mwisho wa shamba letu, na wewe unajua hivyo. Baba yako alipewa njia. Hakupewa mto."

Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, na matusi mengi nimeyasahau kabla ya kulala. Hili liliniuma mahali ambapo hata sikujua pana mtu anayepafahamu. Anapafahamu kwa sababu mimi mwenyewe nilimwonyesha, miaka yote ile tumekaa kwenye mwamba tunasubiri kumbikumbi. Nikarudi kwenye kiti changu, nikapiga picha na maharusi, na kwenye picha ile nimesimama bega kwa bega na yeye. Binti aliniletea nakala yake baadaye. Mke wangu ameitundika sebuleni kwa kuwa suruali ilinikaa vizuri, nami sijapata neno la kumwambia aitoe.

Jumapili jioni nilishuka bwawani peke yangu. Hakukuwa na unyayo wowote wa kiboko. Juu ya mwamba, palepale tulipokuwa tukikaa, paliachwa majani ya utupa yaliyotwangwa, yamelowa mvua, na mchi wa mti wamesahau kuuchukua. Kwenye majani ya ukingoni vilikuwa vimenasa vitoto vya kuyu ambavyo hata wao waliona havifai kubebwa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na jua lilipotoka kidogo kumbikumbi wakaanza kuruka kutoka kwenye kichuguu cha pembeni. Wakaanguka majini kwa wingi. Nilisimama pale nikingoja kusikia ule mlio wa kubusu. Kumbikumbi walizunguka juu ya maji, wakateremka na mkondo mpaka wakapotea kwenye kona, na hakuna aliyewagusa. Nililia, na sioni haya kusema.

Nililiacha bwawa nikiwa nimeamua jambo moja. Bwawa limekwisha, rafiki amekwisha, lakini watu niliowadanganya nitawaambia mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mwingine. Jina langu niliona bado naweza kuliokoa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kukaa kwenye njia ya kisima cha mlima wa pili. Wa kwanza kupita alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na bwawa. Alikuwa anateremka na ndoo kichwani, kata ya majani ya mgomba imelowa, mguu mmoja anauburuta kwa sababu goti linamsumbua. Wiki nzima alikuwa amepanda ule mlima kwa ajili ya neno langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nimekuja kuwaambia. Kiboko hakuwepo. Nilidanganywa, na mimi nikawadanganya. Mnisamehe. Mnaweza kushuka bwawani."

Aliitua ndoo taratibu, akashika kiuno, akapumua. Hakuonekana kushangaa.

"Tunajua hakuwepo," alisema. "Ijumaa kutwa nzima nilisikia watu wanatwanga kule chini. Kiboko hatwangi."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Wewe ndiye uliyetangaza. Tukasema, basi hao wawili wamepatana, ule mto ni wao tangu utotoni."

"Mimi sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

Akanitazama bila ubaya wowote, kama unavyomtazama mtoto anayekana kula sukari na sukari iko mdomoni. Kisha akainama, nikamsaidia kujitwisha ndoo, akaiweka sawa juu ya kata.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa tumekaa kule nyuma ya turubai. Kichwa cha yule samaki tulikiona kikiletwa kwako. Ulikila mpaka mfupa."

Akashika njia yake ya nyumbani, akiuburuta ule mguu.